Mkeka wa Pembeni: Mhadhara juu ya Mauti ya Ghafula ya Wenye Kifafa katika Masisi na Walikale

Wanaoosha maiti huona mambo ambayo wengine hatupewi kuyaona, na aghalabu huyanyamazia, kwa kuwa adabu ya kazi yao ni kusitiri. Katika vilima vya Masisi na katika misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, kijana mwenye kifafa anapokutwa asubuhi amekwisha fariki, hali jana yake alichunga ng'ombe, akala bugali na sombe pamoja na nduguze, akacheka nao, wale wanaomwosha huweza kuona ulimi ulioumwa kwa meno, nguo ya kulalia iliyolowa, na uso uliokuwa umeelekea chini, umekandamizwa katika mkeka au katika mto. Huyaona hayo, huyafuta kwa maji, na mwili hutolewa ukiwa safi. Na kabla udongo wa kaburi haujakauka watu wamekwisha anza kuulizana kwa sauti ya chini ni nani aliyempa sumu, au karuho kama wasemavyo watu wa Kivu, ni jirani yupi aliyekuwa na kisa naye, ni shangazi yupi aliyempokeza kibuyu cha pombe ya kasiksi. Muradi wangu leo ni kuomba tuyarudie yale matatu yaliyofutwa kwa maji, ulimi na nguo na uso, kwani yanatosha kumfanya mtu mwenye insafu asite kabla ya kumtaja jirani, kisha yanatuelekeza kwenye swali ambalo ni zito kuliko lile la sumu: marehemu alilala wapi, na ni nani aliyekuwa karibu naye?

Mimi si tabibu, wala sitajifanya tabibu mbele ya hadhara yenye wauguzi. Ni mtu wa kalamu aliyepata wasaa wa kusoma na kuuliza. Niruhusuni nianze na neno lenyewe. Kiswahili kimeyaita maradhi haya kifafa, na asikilizaye vizuri hakosi kuusikia mzizi wa kufa ukigongwa mara mbili ndani yake, kana kwamba waliolitunga walimtazama mtu akifa na kurudi, akifa na kurudi. Wenye kusema Kinyarwanda, ambao ni wengi katika Masisi, huyaita igicuri; Waarabu huyaita sar'i, yaani kuangushwa, na Ibn Sina aliyaeleza katika Kanuni yake ya tiba. Hata hivyo lile ninalolisema leo halina jina kwetu. Ni mauti yanayomjia mwenye kifafa ghafula, asiyetazamiwa kufa, si kwa kuzama majini, si kwa kuungua, si kwa kuvunjika shingo, wala si kwa kifafa kilichoshika kwa muda mrefu bila kuachia; na mwili ukipasuliwa na mabingwa hauonyeshi sumu wala jeraha linaloweza kuyaeleza. Tabibu mmoja wa Uingereza aitwaye Bacon aliandika juu ya namna wenye kifafa wanavyokufa mwaka 1868, na bado ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla matabibu hawajakubaliana juu ya fasili ya kifo hiki, katika muongo wa 1990. Basi tusiwalaumu sana wazee wa kijiji kwa kukosa jina la jambo ambalo vyuo vikuu vya Ulaya navyo vilichelewa kulipa jina.

Haki inadai niseme mapema kwamba si kila mwenye kifafa afaye hufa hivyo, na kwamba katika nchi zetu huenda njia nyingine za mauti zikawa pana zaidi. Huko Mahenge, kusini mwa Tanzania, Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifungua kliniki ya wenye kifafa karibu na mwaka 1960, na miaka 30 baadaye yeye na mwenzake Rwiza waliwatafuta wagonjwa 164 wa zamani ili wajue yaliyowapata: 110 walikuwa wamekufa, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusiana na kifafa chenyewe, wengine kwa kifafa kisichokoma, wengine majini, wengine motoni. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wenye kifafa cha kutukutika walikuwa wakifa zaidi ya mara sita kuliko majirani zao, na kilichoongoza ni kile kifafa kisichokoma, ambapo mtu huanguka, na kabla hajarudiwa na fahamu huanguka tena. Vifo vya ghafula vilivyohesabiwa vilikuwa vichache. Uchache huo nauheshimu, ila nauangalia kwa jicho la pembeni, maana kifo ambacho hutambuliwa kwa kutoonekana sababu nyingine ndani ya mwili, mahali ambapo maiti hupasuliwa kwa nadra, hakiwezi kuingia kwa urahisi katika daftari la mtu.

Na Masisi na Walikale zina maji na moto wa kutosha. Jiko la makala huwekwa chini, mahali ambapo mtu aangukapo hufikia kwa uso. Mto Lowa na mto Oso huvukwa na watoto wanaokwenda kuchota maji. Mashimo ya koltani ya Rubaya na mashimo ya bati ya Walikale huingiwa na vijana wasiomwambia mkuu wa shimo kwamba wana maradhi, kwa sababu anayesema hukosa kazi. Hizo ni ajali, na kila mtu akiziona huzielewa. Kifo cha usiku hakieleweki, na kisichoeleweka ndicho kinachozaa mashtaka.

Sasa tuingie ndani ya usiku huo. Ubongo ni baraza la chembe kwa mabilioni, ambazo hali ya afya huzifanya ziseme kwa zamu. Katika kifafa kikubwa zote hupaza sauti kwa pamoja, viungo hukakamaa kisha hutukutika, na pumzi hukatika kwa kitambo. Watazamaji hudhani kuwa hapo ndipo penye hatari yote, na mtukutiko ukiisha hushusha pumzi, husema Mungu asifiwe, na hutawanyika. Kumbe hatari ninayoieleza hungojea mpaka hapo. Aliyewahi kuwa sokoni siku ya risasi atanifahamu. Kelele huwa nyingi kwa dakika moja au mbili, kisha hushuka kimya ambacho si kimya cha amani, kimya kizito, vibanda viko wazi na hakuna mtu wa kuviangalia. Ndivyo ulivyo ubongo baada ya kifafa kikubwa: umejinyamazisha ili uuzime moto wake wenyewe, na kimya hicho, mara moja moja, huteremka mpaka katika shina la ubongo, kule chini kunakokaa wale watumishi wasiolala, mmoja anayesukuma pumzi na mwingine anayeangalia mwendo wa moyo.

Mwaka 2013 Profesa Philippe Ryvlin wa Ufaransa na wenzake walichapisha taarifa waliyoikusanya kutoka hospitali za nchi nyingi, ambako wagonjwa walikuwa wamelazwa huku mitambo ikiandika mwenendo wa ubongo na moyo wao, na wachache, kwa kudra, walikufa hali mitambo inaandika. Kwa maandishi hayo ulijulikana utaratibu wa kifo hiki. Kifafa kikubwa kilikwisha. Mgonjwa alipumua mbio. Ndani ya dakika chache pumzi na moyo vyote viwili vilizorota. Kisha pumzi ilikoma, na moyo ukaifuata. Pumzi ilitangulia. Mara nyingi ilikuwa usiku, na wengi wao walikuwa wamelala kifudifudi. Mtu mwenye afya akilala, mto ukamziba pua, hugeuka bila hata kuamka, kwa sababu yule mtumishi wa chini huona hewa imepungua na kumpindua. Lakini kwa mtu aliyetoka katika kifafa kikubwa mtumishi huyo naye amezimia, na kitambaa kidogo, ambacho mtoto mdogo angekipangusa, humtosha kijana wa miaka 20 mwenye misuli ya kubeba gunia. Ikiwa hapo mtu amemfikia, akamgeuza ubavu, akamsugua mgongo, akamwita kwa jina, pumzi huweza kurejea. Sisemi kila mara. Katika hospitali zile zile walikuwamo waliofikiwa mapema wakapona, na waliofikiwa wamechelewa wakafa.

Mabibi na mabwana, hapa tunahitaji hesabu kidogo. Matabibu wa Marekani walitangaza mwaka 2017, baada ya kupima utafiti uliokuwapo, kwamba kwa mwaka mmoja kifo hiki humpata mtu mzima mmoja katika kila wenye kifafa 1,000, na mtoto mmoja katika kila 4,500. Hatari hiyo haikugawanywa sawasawa. Anayeanguka kifafa kikubwa mara tatu au zaidi kwa mwaka huwa katika hatari ya mara 15 hivi kuliko asiyeanguka. Na hizo ni hesabu za nchi ambazo wagonjwa wengi hupata dawa, ilhali kwetu wako wanaoanguka mara tatu kwa juma. Uchunguzi wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2020 ndio ulionifanya niache kazi nyingine na kuandika mhadhara huu. Waswidi waliwalinganisha waliokufa kifo hiki na wenye kifafa waliobaki hai, wakaona kwamba kuanguka kifafa kikubwa katika mwaka mmoja kuliongeza hatari mara 27. Na kwamba aliyeanguka hivyo huku akilala chumbani peke yake, hatari yake ilikuwa mara 67 ya ile ya mgonjwa asiyeanguka na aliyelala na mwenzake. Uswidi ni nchi tajiri, na mtu wa huko alalaye peke yake aghalabu hulala hivyo kwa hiari. Kwetu, mwenye kifafa hulala peke yake kwa sababu nyingine.

Katika Afrika Mashariki na Kati imeenea itikadi kwamba kifafa huambukiza: kwamba povu la mdomoni likimgusa mtu, au akimshika mgonjwa anapotukutika, au akila naye sahani moja, maradhi yatahama. Ni itikadi isiyo na asili ya kweli. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa jasho, wala kwa pumzi. (Vipo vitu vinavyokileta kifafa ambavyo vyenyewe huhama, minyoo ya tegu wa nguruwe mathalan, au malaria inayopanda kichwani, au minyoo ya usubi wa mito iendayo kasi, ambayo watafiti wameihusisha na kifafa cha watoto huko Mahenge na huku kwetu Kongo, katika Ituri, lakini hakuna hata kimoja kinachopita katika povu la mgonjwa.) Walakini itikadi huwa na matendo yake, na tendo la itikadi hii ni mkeka. Mtoto akianza kuanguka, sahani yake hutengwa kwanza, kisha shule humrudisha nyumbani, na mwisho mkeka wake huondolewa katika chumba cha nduguze na kupelekwa pembeni: jikoni, ghalani, au katika kibanda cha nyuma ya nyumba. Wazazi hawafanyi hivyo kwa ukatili. Hufanya kwa kuwalinda wale wengine, na wako wanaofanya huku wanalia. Matokeo yake ni kwamba yule ambaye kuliko watu wote wa nyumba alihitaji sikio la mtu karibu naye usiku, ndiye pekee aliyelazwa mahali ambapo hakuna sikio. Na tena amelazwa karibu na mafiga.

Asidhani mtu kwamba huu ni ujinga wa watu wa vilimani. Mwanamfalme John, mwana wa mwisho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza, alikuwa na kifafa. Naye katika miaka yake ya mwisho aliwekwa mbali na aila yake, katika nyumba ya shambani huko Sandringham, pamoja na mlezi na watumishi, na tarehe 18 Januari 1919, akiwa na umri wa miaka 13, alifariki usingizini baada ya kuanguka. Alikuwa na mlezi mwenye mapenzi, na dawa za zama zile zilikuwa haba. Sitaki kumhukumu mfalme kwa ilimu ambayo hakuwa nayo. Nimemtaja ili mwami wa kwetu ajue kwamba hata katika kasri mkeka uliwahi kusogezwa pembeni.

Dawa, zama hizi, ipo. Fenobarbitali, ambayo watu wengi wa Kivu huijua kwa jina la Gardénal, ilianza kutolewa kwa kifafa mwaka 1912 na tabibu kijana wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, ambaye husimuliwa kwamba aliishi juu ya wodi ya wagonjwa hao na kukosa usingizi kwa vishindo vya kuanguka kwao, akawapa dawa ya kuwatuliza, kisha akastaajabu kuona kwamba vishindo vimepungua. Ni dawa ya bei ndogo mno. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hadi wagonjwa 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo. Na kwa kuwa hatari ya mauti ya ghafula hufuata idadi ya kuanguka, kila kidonge kinachozuia kuanguka ni kidonge kinachoizuia hatari hiyo pia. Lakini dawa hii ina sharti moja, nalo ndilo linalovunjwa na vita.

Sharti lenyewe ni kwamba haiachwi ghafula. Mwili uliozoea fenobarbitali, ikikatwa, huweza kumrudishia mgonjwa kifafa kikali kuliko kile alichokuwa nacho, na hata kumletea kile kisichokoma. Tena dawa hii ina ujanja wake: haitoki mwilini kwa siku moja, bali hupungua polepole kwa siku kadhaa. Basi zingatieni aila inayokimbia Nyabiondo, kule Masisi, usiku, watoto mgongoni, godoro kichwani, na pakiti ya vidonge imesahauliwa juu ya boriti. Siku ya kwanza njiani kijana haanguki. Ya pili haanguki. Mama husema moyoni, labda Mungu amemwondolea, na fedha kidogo iliyobaki hununuliwa unga. Mwisho wa juma, wakiwa wamelala kwenye baridi, hawajapata usingizi wa kutosha siku nyingi, na kukosa usingizi nako hukiita kifafa, dawa imepungua mno katika damu yake. Na hapo huanguka mara tatu usiku mmoja. Anayewaona wakilia asubuhi atasema kijana amekufa kwa uchovu wa safari.

Nanyi mnajua safari hizo zimekuwa ngapi. Rubaya ulitekwa na waasi mwishoni mwa Aprili 2024. Masisi-kati mwanzoni mwa Januari 2025. Sake na Goma kabla mwezi huo haujaisha. Na mwezi wa Machi vita viliingia Walikale-kati, watu wakajificha misituni. Kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo, kando ya Goma, zilizokuwa zimewapokea watu wa Masisi kwa mamia ya maelfu, zilivunjwa Februari 2025, na wakaaji wake wakashika njia ile ile waliyokuja nayo, wakienda kwenye nyumba ambazo baadhi yake hazikuwapo tena. Hospitali kuu ya Masisi, iliyokuwa ikisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka tangu 2007, iliendelea kupokea majeruhi. Na kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, kilichoanzishwa na Mabruda wa Upendo mjini Goma, kinajulikana na wenye kifafa wengi wa mkoa. Ila kutoka Walikale mpaka Goma ni siku za tope, za pikipiki, na za vizuizi vinavyotoza fedha, na mwenye kifafa hawezi kwenda kila mwezi kuchukua vidonge 30. Kama ningeulizwa rai yangu, ningesema mgonjwa wa nchi ya vita apewe dawa ya miezi mitatu mkononi, na mama afundishwe kuifunga katika nguo moja na kadi ya kura na kadi ya chanjo, vitu ambavyo hakuna mama wa Masisi anayevisahau akikimbia. Najua litakalojibiwa: fenobarbitali imo katika orodha ya dawa zinazoangaliwa kwa mapatano ya dunia ya mwaka 1971, na kuitoa kwa wingi kuna makaratasi. Makaratasi hayo yaandikwe basi.

Juu ya usiku wenyewe maneno ni machache. Anayetukutika asizuiliwe kwa nguvu, wala asitiwe kijiko mdomoni. Aondolewe moto na mawe, alazwe ubavu mara mtukutiko ukiisha, na mtu akae naye, amguse na kumwita, mpaka ajibu. Zikipita dakika tano naye bado anatukutika, hapo ni machela na njia ya hospitali, hata kama mvua inanyesha. Katika siku za kawaida mwenye kifafa asinywe pombe kali ya kanyanga. Homa yake isingojewe mpaka kesho. Kijana aambiwe ukweli kwa upole, yeye mwenyewe, kwa kuwa ni ubongo wake na ni maisha yake. Nimewasikia waganga wa pande zote mbili, wa hospitali na wa mizizi, wakishauriana na baba juu ya mtu wa miaka 25 aliyekaa hapo hapo kimya kama kifurushi.

Limebaki jambo moja, ambalo nililiona katika kambi na limenishinda kuliainisha, kama ni la huzuni au la heri. Hema la mkimbizi ni vijiti na turubai, na ndani yake hulala watu saba au wanane waliobanana kama ndizi katika chane. Hakuna jiko la nje, hakuna ghala, hakuna kibanda cha nyuma. Mwenye kifafa aliyelazwa pembeni miaka yote kijijini, katika hema hakuwa na pembeni pa kulazwa. Alilala katikati ya nduguze, mguu wa huyu juu ya mguu wa yule, na alipotukutika usiku waliamka wote, wakamgeuza, wakalaani, wakalala. Vita vilivyomnyang'anya dawa vilimrudishia mkeka. Na baada ya kambi kuvunjwa, aila hizo zilipanda tena njia ya Sake kwenda vilimani, na wako waliobahatika kukuta kuta zimesimama, wakafagia, wakawasha moto, wakaanza kugawana vyumba. Mama mmoja niliyemkuta akikunja mikeka kwa safari hiyo nilimwuliza, kwa heshima, yule kijana wake atalala wapi wakifika. Alinitazama kitambo. "Baba," akasema, "hilo mzee wa nyumba hajalisema bado."